Usimpunguzie mjukuu wangu maziwa

Kamwene mwanangu,

Voisi yako nimeisikiliza yote. Mtoto ana miaka 10, mwaka huu amerefuka ghafla hadi sketi za shule zimekuwa fupi, ana kavimbe chini ya chuchu moja kanauma akikagusa, alafu umesoma mahali kwamba wasichana wanaorefuka mapema ndo wanaopata kansa ya matiti ukubwani. Sasa unauliza umpunguzie maziwa na nyama au ufanyeje. Nakuandikia ili uwe nayo kwenye simu uisome tena ukipata hofu, na jibu langu ni hapana, usimpunguzie kitu.

Hako kavimbe kwanza. Ndo titi linaanza hivo mama, kanakuwa kagumu kama kitufe, kanauma kidogo, na mara nyingi linaanza upande mmoja la pili linafuata baada ya miezi. Kati ya miaka 8 na 13 ni kawaida kabisa. Ingekuwa hajafika 8 ningekwambia mpeleke hospitali. Asikaminye, na mtu yeyote asije akakwambia kakatwe, maana kakikatwa pale titi halioti tena maisha yake yote.

Haya, ulichosoma sio uongo. Kule Denmark, shule za Copenhagen zilikuwa zinawapima watoto urefu na uzito kila mwaka na kuandika kwenye kadi, wakaja wataalamu wakazichukua kadi za wasichana zaidi ya 117,000 waliozaliwa kati ya 1930 na 1975 wakaangalia nani alikuja kuugua, majibu yakatoka 2004. Waliozaliwa na uzito mkubwa, waliorefuka mapema, waliokuwa warefu na wembamba wakiwa na miaka 14, hao ndo walikuwa na hatari zaidi. Na kuvunja ungo mapema nako kumo, kila mwaka unaowahi hatari inapanda kama asilimia 5. Sababu ni kwamba mwili unaokua kwa kasi una homoni nyingi za kukuza, na chembe za titi zinajigawa haraka haraka, kila zikijigawa kuna nafasi ya kukosea, tena titi la msichana bado halijakomaa, linakomaa vizuri akishabeba mimba mpaka mwisho na kunyonyesha. Ndo maana hata Hiroshima na Nagasaki, waliopigwa na mionzi ya bomu wakiwa mabinti waliathirika matiti kuliko waliokuwa tayari watu wazima.

Ila mwanangu angalia ukubwa wa hiyo hatari. Urefu ukizidi sentimita 10 hatari inapanda kama asilimia 17. Maana yake tuseme kwenye wanawake 100 wafupi watapata 6, basi kwenye 100 waliowazidi hizo sentimita 10 watapata kama 7. Mmoja. Huyo mmoja ni mtoto wa mtu na namhurumia sana, lakini kwa ajili ya hilo huwezi kumnyima chakula mtoto anayekua.

Na unajua kwetu shida ni ipi. Iringa hii yenye mahindi, viazi, maharage, maziwa ya Mafinga, kwenye utafiti wa taifa wa 2022 zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano walikutwa wamedumaa, Njombe nao nusu, wakati nchi nzima ni kama 30 kwa mia. Hilo linaniuma kweli. Mtoto aliyedumaa anapata shida darasani, akiwa wa kike nyonga inabaki nyembamba na siku ya kujifungua ndo unaona matatizo. Wako amekua vizuri, mshukuru Mungu, mpe maziwa, mayai, maharage, parachichi, mboga, matunda, acha aruke kamba na kucheza netiboli maana mazoezi ya umri huo yanamsaidia hata matiti baadae. Na kwa kuwa umesoma kwamba wembamba ndo walikuwa na hatari, usije ukaanza kumnenepesha makusudi, unene ukishakoma hedhi unaongeza hatari, mafuta ya mwilini yanatengeneza homoni ya kike, estrojeni.

Pombe ndo usimame nayo imara. Huku ulanzi ukianza kugema watoto wanaonjeshwa kama maji, mi sipendi kabisa, pombe kabla titi halijakomaa inaongeza hatari, hiyo unaweza kuizuia na urefu huwezi.

Sasa na wewe, maana nilisikia sauti yako ukisema "na mimi nilikuwa mrefu kuliko wote darasani". Ndio, na ulivunja ungo mapema, lakini umezaa wawili na wote umewanyonyesha miaka miwili miwili, na kila miezi 12 ya kunyonyesha inapunguza hatari kwa zaidi ya asilimia 4, hiyo nayo iko upande wako. Wanawake wengi Tanzania wanafika hospitali kansa imeshasambaa kwa kuwa uvimbe hauumi, mtu anakaa nao, anapaka dawa za miti, anaombewa tu. Kuombewa kuzuri, ila nenda ukiombewa. Ukiona uvimbe titini au kwapani, ngozi imekuwa kama ganda la chungwa, chuchu imeingia ndani wakati haikuwa hivo, inatoa damu, usisubiri mwezi mwingine upite. Hapo Mbeya hospitali ya rufaa ya kanda unayo, ikibidi watakupa rufaa kwenda Ocean Road, hospitali ya kansa kule Dar es Salaam.

Mwezi huu ukimaliza siku zako, siku chache baadae jishike matiti yote na makwapa polepole uyajue yalivyo, alafu unipigie. Na mtoto mnunulie singilendi mbili za pamba zisizobana, pesa ntakutumia ijumaa.

Mama yako,
Mafinga