Usilipie kozi ya chati za umeme kabla hujapanga mitambo

Mkuu, shikilia hiyo laki nane yako kwanza. Unasema unataka kujua soko la umeme linavyokwenda, na mwalimu kakuambia umeme ni kama dhahabu tu, ukishajua kusoma chati umemaliza. Maneno hayohayo niliuziwa mimi pale Sinza. Nikalipa, nikakesha miezi minne nachora mistari.

Nikaitwa kwenye usaili Masaki. Mama mmoja akaniwekea karatasi mezani: mtambo wa maji, megawati 300, unauza dola 5 kwa megawati-saa, yaani megawati moja ikitumika saa nzima. Wa gesi, 300, dola 60. Wa dizeli, 100, dola 200. Saa mbili usiku watu wanahitaji 650, bei ya soko ni ngapi? Nikapiga wastani. Akachukua kalamu akachora ngazi, wa bei ndogo chini, wa bei kubwa juu. 650 ikaangukia kwenye dizeli. "Dola 200, na wote watatu wanalipwa hiyohiyo." Saa nane usiku mahitaji yakishuka hadi 280, maji peke yake yanatosha, bei inakuwa dola 5. Mitambo ileile, usiku uleule! Nilikaa kimya. Kazi nikaikosa.

Yule mwalimu wangu wa Sinza mpaka leo ananiuma. Hakutuambia hata siku moja kwamba dhahabu utaifungia kabatini ungoje bei, lakini umeme unazalishwa na kutumika sekunde ileile, na betri zilizopo bado hazitoshi kuuhifadhi kwa wingi. Februari 2021 kule Texas baridi iliangusha mitambo, bei ikafika dola 9,000 kwa megawati-saa. Ujerumani upepo ukizidi na matumizi yakiwa madogo, bei hushuka chini ya sifuri. Mstari gani wa chati ungekuonyesha hayo?

Panga mitambo kwa gharama, weka mahitaji ya saa hiyo, tazama wa mwisho kuingia ni nani. Huko ndiko bei inakotoka. Usiitafute kwenye LUKU yako, maana hapa kwetu Tanesco hununua kwa mikataba ya muda mrefu na bei ya mteja huidhinishwa na Ewura. Bei za Nord Pool, soko la umeme la Ulaya, zinaonekana bure mtandaoni. Chukua siku moja, ipitie saa kwa saa, kila bei inaporuka jiulize ni mtambo gani umeingia.

Chora ngazi yako leo usiku, weka picha hapa, nitaikagua mwenyewe.