Maswali ya Wasomaji: Fulana ya "Mweusi, Najivunia", Ushirazi na Tangazo la Kazi

Barua nyingi za mwezi huu zimeangukia jambo moja: kujisifia rangi na asili, na mahali ambapo sifa hiyo inageuka ubaguzi. Ya kwanza tumeijibu kwa urefu kwa sababu nyingine zote zinaiegemea.

Swali: Nina kibanda cha kuchapa fulana Ngamiani. Inayotoka sana ni ile ya "Mweusi, Najivunia". Jirani yangu wa duka la vitambaa, Mtanzania mwenye asili ya Kihindi, kaniuliza: "Nikitaka yangu ya 'Mhindi, Najivunia', utaniita mbaguzi?" Nilibaki mdomo wazi. Na je, akija Mzungu na ya kwake? *– Mchapaji, Tanga mjini*

Jibu: Ndugu mchapaji, mchapie. Yeye si mbaguzi kwa fulana hiyo, wala wewe si mbaguzi kwa yako.

Kipimo kimo ndani ya Katiba ya 1977, ibara ya 13(5). Haimkatazi mtu kujipenda. Kubagua, kwa ibara hiyo, ni kuwatendea watu kwa kuangalia rangi, kabila, mahali walipotoka au dini, hivi kwamba wa aina fulani wanahesabiwa dhaifu au duni na kuwekewa vikwazo, huku wengine wakipewa fursa au faida isiyotokana na sifa zinazotakiwa. Angalia kwamba kudharauliwa na kuzuiliwa vimewekwa pamoja. Fulana yako inamsema aliyeivaa, basi. Hakuna aliyeshushwa wala aliyenyimwa kitu. Lakini ukichapa "Mweusi ndiye mwenye nchi", umeshamgusa jirani yako bila kumtaja, kwa sababu umemfanya mpangaji katika nchi aliyozaliwa. Mteja akikuletea maneno usiyo na hakika nayo, yasome ukiwa upande wa yule asiyetajwa: yakichukuliwa kuwa kweli, kuna haki anayoipoteza? Ikiwapo, mrudishie fedha yake.

Jambo hili si geni kwetu. TANU ya 1954, chama kilichodai uhuru wa Tanganyika, ilipokea Waafrika peke yao. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959 Waingereza waliweka kura tatu: kila mpiga kura alilazimika kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Mkutano wa TANU wa Tabora, Januari 1958, ulikubali kushiriki, na Zuberi Mtemvu akatoka na kuunda chama chake cha kudai Afrika kwa Waafrika. Oktoba 1961 hoja ilirudi katika mjadala wa sheria ya uraia, ambapo baadhi ya wajumbe wa Bunge walitaka uraia wa Tanganyika uwe wa Waafrika tu. Nyerere alikataa katakata, akaweka wazi kuwa serikali yake ingejiuzulu kuliko kukubali uraia wa rangi. Chama chenyewe kilifungua milango kwa watu wa rangi zote mwaka 1963.

Tusiwaonee wajumbe wale. Walikuwa wametoka kwenye utawala uliogawa shule kwa rangi, ya Wazungu ikiwa bora, ya Wahindi ikifuata na ya Mwafrika mwishoni. Fahari yao ilikuwa na sababu. Walipokosea ni pale walipotaka iandikwe kwenye sheria.

Sasa Mzungu. Akitaka "Mwairishi, Najivunia", chapa. Waairishi wa New York huandamana kila Machi na nguo zao za kijani, na hakuna anayewaita wabaguzi. "Mweupe, Najivunia" ni habari nyingine. Huko Marekani maneno hayo yamebebwa na makundi ya aina ya Ku Klux Klan, yaliyoua watu weusi na kuwatisha wasipige kura. Mvaaji anaweza kuwa hana nia hiyo, lakini anayemwona barabarani hasomi nia, anasoma bendera aliyoizoea.

Wengine huuliza mbona Weusi wa Marekani wanajivunia rangi na si kabila. Kabila walinyang'anywa. Mtumwa aliuzwa, akabadilishwa jina, watoto wake wakauzwa kwingine, na leo wengi wa vizazi vyao hawana njia ya kujua kama babu alikuwa Myoruba au Mkongo. Rangi ndiyo iliyobaki, na ndiyo hiyo hiyo sheria ilitumia kuwafungia mlango. Kusema miaka ya 1960 kwamba weusi ni uzuri kulikuwa jibu kwa matusi ya karne nzima na zaidi. Na sisi tusijifanye hatuna haja ya jibu hilo, wakati mkorogo wa kujichubua wenye zebaki na haidrokwinoni, vilivyopigwa marufuku nchini, bado una wateja.

Swali: Shikamooni. Binti yangu ana miaka 24, kaposwa na kijana Mmakonde ambaye babu yake alikuja Tanga kukata mkonge. Kijana ana kazi na anaswali. Baba yake binti na ami zake wanasema sisi ni Washirazi, hatuchanganyi damu. Huu si ubaguzi? *– Mama, Pangani*

Jibu: Marahaba, mama. Kujivunia Ushirazi, yaani asili ya Shirazi huko Uajemi, si kosa, lakini kumkataa kijana kwa damu yake ni ubaguzi. Tena hoja ya ami wa binti haina miguu hata kwa historia yao wenyewe. Mwaka 2023 jarida la Nature lilitoa utafiti wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa zamani katika miji ya pwani, Kilwa na Mtwapa ikiwamo, na mji mmoja wa ndani. Kwa wengi wa wale wa pwani, zaidi ya nusu ya asili ilitoka Afrika, hasa kwa upande wa akina mama. Asili ya Asia ililetwa zaidi na wanaume wa Uajemi, na kuchanganyika kulianza takriban mwaka 1000. Basi Mshirazi ni mtu wa damu mbili tangu mwanzo, na bibi zake ni Waafrika.

Kwa upande wa dini, wakumbushe Surat Al-Hujurat aya ya 13: watu wamefanywa mataifa na makabila wapate kujuana, na mbora mbele ya Mungu ni mchamungu zaidi. Watakujibu kwa kafaa, yaani wanaooana walingane hadhi, na ni kweli madhehebu ya Shafi inaihesabu nasaba. Lakini kafaa ni haki ya binti na walii wake, yaani anayemwozesha, nao wakiridhia kuiacha, ndoa inasihi. Kwa hiyo kazi yako ni kumpata mtu mmoja tu, baba. Usiwakusanye ami wote barazani, maana mbele ya watu hakuna atakayelegeza. Mpeleke kwa sheikh anayemheshimu, wawili peke yao. Ikishindikana, mfikishieni kadhi.

Serikalini, Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ridhaa ya hiari ya wanaooana, na taarifa ya nia ya kuoana itolewe siku 21 kabla. Mlango huo upo kwa mtu mzima, ila tungeuacha uwe wa mwisho. Binti atahitaji baba hata baada ya harusi.

Swali: Kazini wananitania kwa kabila langu kila siku. Nikasirike? *– Msomaji, Muheza*

Jibu: Utani una pande mbili. Mnyamwezi humtania Mzaramo na kesho akatupiwa lake, wakazikana vizuri. Kama wewe hujibu, au anayekutania ndiye anayekupangia zamu, huo si utani tena. Mwambie aache, na andika tarehe uliyomwambia.

Swali: Nimeona tangazo la mgahawa: "Anahitajika mhudumu wa kike, mweupe." Nina cheti cha hoteli. Nilipofika niliambiwa sifai kwa rangi. *– Msomaji, Chumbageni*

Jibu: Hapa, dada, hakuna cha kupima sana. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinakataza ubaguzi wa rangi, kabila na mahali mtu alipotoka, na kinamlinda hata anayeomba kazi. Mwajiri anaruhusiwa kutofautisha kwa sifa ambayo kazi yenyewe inaidai, na kubeba sahani hakudai weupe.

Piga picha tangazo leo, kabla halijabanduliwa. Andika tarehe, saa, maneno uliyoambiwa na nani alikuwapo. Chukua fomu CMA F.1 katika ofisi ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), inayoshughulikia migogoro ya kazi, Tanga mjini, ijaze, mkabidhi mwajiri nakala na umsainishe kwamba amepokea, kisha uiwasilishe Tume pamoja na uthibitisho huo. Wengi hukwama kwa kusahau saini hiyo. Una siku 60 tangu ulipokataliwa. Aliyefukuzwa kazi ana 30 tu, na wengi hudhani wana muda sawa. Ukishaonyesha dalili za kutosha za ubaguzi, mzigo unahamia kwa mwajiri: yeye ndiye atakayethibitisha kwamba hakukubagua.