Nimepishwa kiti kwenye daladala, na mimba sina

Shangazi, shikamoo. Nina miaka 34 na watoto watatu, wawili wa mwisho kwa kisu. Mdogo ana miezi 11 na bado ananyonya. Mikono na miguu yangu ni myembamba, ila tumbo limening'inia. Juzi nimepishwa kiti kwenye daladala kwa mara ya tatu, watu wakidhani ni mjamzito. Nina akiba ya vikoba. Kliniki moja inatangaza kunyonya mafuta, unaingia asubuhi jioni uko nyumbani. Shoga yangu anasema bora nifanye upasuaji wa kukaza tumbo. Mume wangu anataka mtoto wa nne. Nichague lipi?
Mama Watatu, Mbagala

Marahaba, mwanangu. Kiti hicho kinauma. Ukikaa unaumia, ukikataa inabidi ujieleze mbele ya gari zima.

Umesema mikono na miguu yako ni myembamba. Hapo ndipo nilipopata shaka kama tatizo lako ni mafuta. Kunyonya mafuta ni kupitisha mrija chini ya ngozi na kuvuta mafuta yaliyo kati ya ngozi na misuli, basi. Ngozi iliyolegea haikatwi, misuli haiguswi. Kwa tumbo kama unavyolieleza, unaweza kulipa akiba yote ukabaki na ngozi ileile, inaning'inia zaidi kwa kuwa imekuwa tupu.

Leo usiku lala chali, kunja magoti, inua kichwa kidogo, bonyeza vidole juu kidogo ya kitovu. Vikizama zaidi ya viwili kwa upana, huenda misuli yako imeachana kwa zile mimba. Nenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi, akupime. Mazoezi sahihi huwarudishia wengi nguvu ya tumbo, na gharama yake haifanani na ya kisu. Ngozi iliyozidi, hiyo haiondoki kwa mazoezi.

Kwa hiyo ukifika kwenye kisu, shoga yako yuko karibu na ukweli kuliko tangazo, maana kukaza tumbo ni kukata ngozi iliyozidi na kuishona misuli irudi pamoja. Lakini je, amekueleza yote? Ni nusu kaputi, na mshono kutoka nyonga hadi nyonga usiofutika. Siku za mwanzo utatembea umeinama. Kwa takribani wiki sita hutabeba kitu kizito, na mwanao ni mzito. Nani atambeba? Damu inaweza kuganda mguuni ikapanda mapafuni, na hiyo inaua. Kunyonya mafuta nako kumeua, hata kwa wale walioahidiwa kurudi jioni.

Sasa huyo mtoto wa nne. Mimba baada ya upasuaji inaweza kuitanua tena ngozi na misuli, na fedha imekwenda. Zungumza na mume wako kwanza, mwambie na habari ya kiti, maana nadhani hajui. Kama mnamtaka mtoto, kisu kisubiri. Kama mmeamua kutozaa tena, mwachishe mdogo kwanza, uzito wako utulie miezi kadhaa, ndipo umwone daktari bingwa wa upasuaji wa kurekebisha maumbile. Jina lake liulizie Baraza la Madaktari Tanganyika, linalosajili madaktari. Muulize nani atakupa nusu kaputi, na mambo yakiharibika utakimbizwa hospitali gani. Kliniki inayokwepa maswali hayo, usiiachie hata malipo ya awali.

Niandikie vidole vimezama vingapi.

Shangazi