Meno ya mtoto yanameguka, ni maji ya Nakuru ama ni chupa?

SWALI: Habari ya kazi daktari. Kijana wangu ana mwaka mmoja na miezi minane, meno yake ya juu ya mbele yameingia rangi ya brauni na moja limeanza kumeguka. Usiku namwekea chai ya maziwa kwa chupa ndio alale, bila hiyo analia mpaka majirani wanaamka. Mama mkwe anasema ni maji ya huku tu na ati ni meno ya utoto, yatang'oka. Wengine wananiambia nimwachishe titi. Nifanyeje? Mama Kijana, Kaptembwo.

JIBU: Mama Kijana, pole sana. Mama mkwe ana ukweli kidogo juu ya maji, visima vingi huku Bonde la Ufa vina madini ya floraidi kupita kiasi na ndio unaona watu waliokulia hapa wana meno ya brauni, lakini hiyo huingia jino likiwa bado ndani ya ufizi na huonekana zaidi kwa meno ya ukubwani. Kama ya kijana yaliota meupe halafu yakabadilika na sasa yanameguka, hapo ni kuoza, na mimi nashuku chupa.

Mtoto akilala mate hupungua, sasa ile chai ya sukari inakaa kwa meno usiku mzima, bakteria wanaila wanatoa asidi, na asidi ndio inalainisha jino. Angalia ya chini mbele, pengine ni mazima kabisa, kwa sababu ulimi huyafunika akinyonya. Na chai yenyewe haimfai mtoto mdogo hivyo, inazuia mwili kuchukua madini ya chuma kwa chakula.

Titi usimwachishe tafadhali, WHO inasema anyonye mpaka miaka 2 na zaidi, ila asilale nalo mdomoni usiku kucha.

Chupa usiikate ghafla. Anza kutoa sukari, halafu ongeza maji kidogo kidogo kwa wiki moja ama mbili mpaka ibaki maji matupu, mchana tumia kikombe. Atalia, najua, jaribu kumbeba na kumwimbia, na majirani waambie mapema. Mswaki asubuhi na kabla ya kulala, umpige wewe mwenyewe, na kolgeti yenye floraidi kiasi cha punje ya mchele, hiyo isikutishe.

Hayo ya kung'oka sikubali hata kidogo. Magego ya utoto hukaa mpaka miaka 10 hadi 12, na usaha wa jino bovu unaweza kuharibu lile la ukubwani linalojengeka chini yake, tena mtoto mwenye maumivu hali vizuri na halali. Mpeleke idara ya meno wiki hii, kuoza kukiwa bado kudogo wanaweza kumpaka floraidi kusiendelee. Lakini ukiona kiuvimbe cha usaha kwa ufizi, ama shavu limefura na ana homa, usingoje wiki iishe, nenda siku hiyo hiyo.