Kabla ya kuilaumu jeni, kagua sahani

Mwanafunzi anafungua inkubeta asubuhi na kukuta viinitete vyake vya chura vimegeuka vibuyu: upande mmoja ektodamu (tabaka la nje) iliyokunjamana, upande wa pili kiini kilichotokeza nje, katikati kiuno chembamba. Anakimbilia kamera. Mofolino (molekuli ya kuzima jeni) imefanya kazi, jeni yake inaongoza gastrulesheni, yaani tishu kuingia ndani ya kiinitete, na makala imeshaanza kuandikika kichwani. Sisi tuna swali moja: jana uliviondoa kwenye Ficoll, ule myeyusho mzito wa kudungia, saa ngapi? Mara nyingi havikuondolewa kabisa.

Wadogo zetu, bidii yenu tunaiona na tunataka mbaki na vyura. Ila makosa haya yanarudi kundi baada ya kundi, na kila yanaporudi kuna jike aliyechomwa sindano na dume aliyeuawa bure. Hilo linatuuma.

1. Maji. Klorini hutoka maji yakipigwa hewa usiku kucha. Kloramini haitoki hivyo, lazima uitilie thiosalfeti ya sodiamu. Pima kabla ya kujaza tangi, usingoje ngozi ya chura ianze kubabuka. Bomba la shaba lisiguse mfumo wenu. Vyura wetu ni spishi mbili za Xenopus: laevis wakae kwenye nyuzi 16 hadi 20, tropicalis 24 hadi 26. Glovu zisiwe na unga, na zisuuzwe kwa maji ya tangi kabla ya kumgusa mnyama.

2. Jike. Homoni ya hCG, ya kumfanya atage, yuniti 500 hadi 800 jioni, kwenye mfuko wa limfu wa mgongoni. Ncha ya sindano ipite chini ya ngozi bila kuingia kwenye msuli. Homoni hiyo ndiyo iliyomo kwenye mkojo wa mjamzito, na kwa sababu hiyo Xenopus walitumika kupima mimba tangu miaka ya 1930. Kwenye nyuzi 16 hadi 18 mayai huanza kutoka baada ya saa 12 hadi 16, kwa hiyo anza na saa unayotaka kudunga viinitete, kisha hesabu kurudi nyuma. Anayetaga mayai yaliyoshikana kama uzi wa shanga, au yenye mabaka meupe, mrudishe tangini. Kuendelea kumkamua hakutayaboresha. Akishataga apumzike miezi 3 au zaidi, na tarehe iandikwe kwenye kadi ya tangi lake ili mwenzako asimchukue wiki ijayo.

3. Mbegu. Mbegu za kiume hulala kwenye chumvi nyingi na kuamka kwenye chumvi kidogo, na zikishaamka zina dakika chache tu. Yai nalo likiachwa kwenye chumvi kidogo bila mbegu, ute unaolizunguka huvimba na halirutubiki tena. Kwa hiyo kamulia mayai kwenye sahani kavu, yapitishie kipande cha korodani kilichopondwa ndani ya MMR 1× (maji ya chumvi ya maabara), ngoja dakika 3 hadi 5, ndipo ufurike MMR 0.1×, yaani iliyozimuliwa mara kumi. Baada ya dakika 20 hadi 30 upande mweusi uwe umegeukia juu. Korodani ikitunzwa vizuri kwenye nyuzi 4 hutumika siku kadhaa, basi pangeni ratiba pamoja. Dume mmoja anawatosha watu wengi.

4. Sisteini. Asilimia 2, pH 7.8 hadi 8.0, itengenezwe siku hiyo hiyo. Kazi yake ni kukata viunganishi vya salfa kwenye protini za ute: pH ikiwa chini haikati, ikizidi inaumiza kiinitete. Fanya baada ya mayai kugeuka na kabla ya mgawanyiko wa kwanza. Zungusha sahani polepole na usiondoe macho. Mayai yakianza kugusana na kupangana bila nafasi kati yao, kwa kawaida ndani ya dakika 3 hadi 5, mimina na suuza mara 5 au 6. Tangu hapo yasikutane na hewa, maana mvutano wa uso wa maji utayapasua.

5. Ficoll. Hapa tukae.

Ukidunga kiinitete umekitoboa, na shinikizo la ndani linasukuma kiini nje kupitia tundu. Ficoll ya asilimia 3 hadi 4 huvuta maji kutoka chini ya utando wa vitelini unaokifunika kiinitete, kiinitete kinalegea, na chumvi yenye kalisi iliyomo kwenye myeyusho huo inasaidia jeraha kufunga. Kwenye hatua ya seli 2 au 4 hayo yote ni msaada.

Ubaya unaanza jioni. Kwenye hatua ya 10 ya ukuaji mdomo wa blastopori (tundu ambalo tishu hupitia) hufunguka na tishu huanza kujiviringisha kuingia ndani. Chumvi ikiwa nyingi, tishu zile zile husukumwa kuelekea nje, na hicho ndicho kibuyu. Ficoll nayo bado inaubana utando, kiinitete hakizunguki kwa uhuru, kwa hiyo hata kisichotokeza nje kinaweza kubaki na blastopori isiyofunga.

Pigeni hesabu ya saa. Mmerutubisha saa 4 asubuhi, kwenye nyuzi 23. Mgawanyiko wa kwanza ni saa 5 na nusu. Mnadunga hadi mchana. Hatua ya 8 ni kama saa 9 alasiri, hatua ya 9 saa 11 jioni, na hatua ya 10 saa 1 usiku. Muda wa kuviondoa ni kati ya saa 9 na saa 11, wakati ambao wengi mnafunga mabegi mkisema mtabadilisha kesho. Kuvishusha nyuzi 16 hakuwaokoi: kasi hupungua karibu kwa nusu, na mdomo utafunguka usiku wa manane mkiwa mmelala.

Kuna na wanaobadilisha nusunusu, wakimimina MMR 0.1× juu ya sahani ile ile. Ficoll ni nzito, inabaki chini, na viinitete viko chini. Vihamishe kwa pipeti yenye mdomo mpana hadi sahani mpya ya 0.1×, ngoja dakika 10, uvihamishe tena hadi ya tatu.

Na kosa linalogharimu miezi ni hili: ndugu zao wasiodungwa wameshinda siku nzima kwenye 0.1×. Asubuhi ndugu hao ni wazima, waliodungwa ni vibuyu, na tofauti ya maji inasomwa kama tofauti ya jeni. Grafu inachorwa, mofolino nyingine inaagizwa, na mtu anamjengea hoja kiinitete kilichosahauliwa kwenye Ficoll. Kundi la kulinganishia lipite kila mahali palipopita la majaribio: Ficoll ile ile, saa zile zile, sindano yenye mofolino isiyolenga chochote, ujazo ule ule. Wasiodungwa nao wawekeni, lakini ndani ya Ficoll pamoja na wenzao. Ndugu wakiwa vibuyu pia, mwageni. Wakiwa wazima, bado mnadaiwa jaribio la kuokoa, yaani kukirudishia kiinitete jeni hiyo kwa mRNA (nakala ya ujumbe wake) ambayo mofolino haiwezi kuishika.

6. Kudunga nanolita 10 ni karibu asilimia 1 ya yai la laevis, msizidi hapo. Viinitete visizidi 50 kwenye sahani ya milimita 60. Vilivyokufa vitoeni kila mnapopita, kwa sababu kimoja kikioza kinawaua jirani. Wekeni gentamisini (dawa ya kuua bakteria) mikrogramu 50 kwa mililita. Vilivyovuliwa utando wa vitelini viwekwe juu ya agarozi ya asilimia 1, la sivyo vitanata kwenye plastiki. Hatua zisomwe kwa jedwali la Nieuwkoop na Faber, kwa kukitazama kiinitete chenyewe; saa nilizotaja hapo juu hubadilika joto likicheza.

7. Laevis ana nakala mbili za jeni nyingi, L na S, na jenomu yake iliyochapishwa mwaka 2016 inaonyesha zote. Mofolino au mwongozo wa CRISPR (zana ya kukata jeni) unaolingana na L peke yake unaiacha S iendelee na kazi, nanyi mtaandika kwamba jeni haina umuhimu. Linganisheni mfuatano wote wawili kabla ya kuagiza. Tropicalis ana seti mbili tu za kromosomu, ni rahisi zaidi kwa CRISPR, ila yai lake ni dogo, milimita 0.7 hadi 0.8, na ujazo wa kudunga lazima ushuke nalo.

8. Kwenye kifuniko cha kila sahani andikeni kwa kalamu isiyofutika saa ya kurutubisha, joto, kilichodungwa, na saa ya kutoka Ficoll. Nafasi hiyo ya mwisho ikiwa bado tupu saa 11 jioni, usivue koti la maabara.