Mtoto ana miaka saba na bado anaita kuku "tutu"

Mtoto wa miaka miwili akisema "tutu", nyumba nzima hucheka, na wakubwa nao huanza kuiga. Akifika darasa la kwanza bado anasema "titabu" na "tata", yaani T badala ya K, msisubiri tena. Wangu alikuwa anaandika hivyohivyo kwenye imla, na mwalimu ndiye aliyenishtua.

Anzeni na masikio. Mtoto apimwe usikivu, hasa kama amewahi kutokwa na usaha mara kwa mara. Jamaa watawaambia akakatwe udata, ule utando ulio chini ya ulimi. Udata hushika ncha ya ulimi, ilhali K hutoka nyuma, ulimi unapoinuka kugusa kaakaa laini. Kisu hakitaleta K. Na kimeo ndiyo kabisa, kiacheni.

Mtaalamu wa tiba ya usemi hakumwambia "sema kuku". Alimwekea picha mbili, kaka na taka, akamtaka aguse ile anayoisikia. Alipoweza kuzitofautisha ndipo wakaitafuta K yenyewe, ncha ya ulimi ikiwa imelala nyuma ya meno ya chini. Ikafuata ka, ko, ku. Halafu neno, halafu sentensi. Mazungumzo ya kawaida yalikuja mwisho, na ndiyo yaliyochukua muda mrefu kuliko yote.

Kisha mchezo ukageuzwa: mtoto ndiye anayeagiza picha. Akitaka kaka na kusema "taka", anapewa taka. Anakasirika kidogo, anacheka, anajirekebisha mwenyewe. Dada yake aliupenda mchezo huu kupita kiasi, ikabidi tumzuie.

Kupuliza puto na kutoa ulimi kama mjusi? Ushahidi kwamba hayo hurekebisha matamshi ni hafifu. Fanyeni sauti na maneno, dakika chache kila siku, si saa nzima Jumamosi. Nje ya mazoezi msimkatize. Akisema "natata titabu", mjibuni, "Kitabu kipi? Kitabu cha hesabu?"

Ila kama kwenu babu, baba na mtoto wote hubadilisha L na R, hiyo ni lafudhi. Haihitaji kliniki.

Wataalamu hawa ni wachache na wengi wako mijini, kwa hiyo ulizieni kwenye idara ya masikio, pua na koo ya hospitali ya rufaa. Mkipata nafasi, ombeni mzazi aingie ndani, mrekodi zoezi kwa simu, na msiondoke bila kuambiwa la kufanya nyumbani hadi miadi ijayo.