Majibu ukiyasoma unaelewa, swali jipya hujui uanzie wapi: nilivyotoka kwenye sapu ya takwimu

Mdogo wangu, umeandika kwamba uko mwaka wa kwanza hapa Dodoma, unasoma uchumi na takwimu, mna somo la kuandika programu, na mwenzako wa chumba anahangaika na fizikia. Testi umepata 11 kati ya 40. Kilichonifanya niandike ni sentensi yako moja: "Majibu nikiyasoma naelewa kila mstari, ila nikipewa swali jipya sijui nianzie wapi." Hapo juu wakuu wamekushauri ukusanye mitihani ya nyuma ya miaka mitano uikariri, kwa sababu maswali hujirudia. Naomba nipingane nao, maana ushauri huo niliufuata ukanipa sapu, yaani nilifeli nikarudia mtihani.

Nilikuwa nimepanga chumba Ng'ong'ona. Muhula mzima nilipiga msuli, Jumamosi wenzangu wakienda mnadani Msalato mimi nabaki na madesa. Nilikuwa nayo ya kutosha, swali na jibu lake, yameandikwa na kaka zetu waliotangulia. Napitia jibu, natikisa kichwa, "hii naijua", nafungua ukurasa unaofuata. Kwenye mtihani wa takwimu nikakuta swali la magunia: muuzaji anadai magunia yake yana wastani wa kilo 100, yamepimwa 36, wastani umekuja 98.6, mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi gunia moja moja linavyotofautiana na wastani) ni 4. Je, dai lake linakubalika kwa kiwango cha asilimia 5? Nikakaa dakika kumi natafuta kichwani ni desa lipi linafanana na hili. Mwisho nikachukua 98.6, nikatoa 100, nikagawanya kwa 4, nikapata −0.35. Nikaandika kwamba hakuna ushahidi wa kumkatalia muuzaji, nikaendelea na swali la pili nikiwa na amani kabisa.

Likizo ile nilikwenda kwa mjomba wangu Kibaigwa, ananunua mahindi pale sokoni. Nikamsaidia kwenye mizani. Gunia la kwanza likasoma 96. Hakusema kitu. La pili 103, kimya. Nikamuuliza mbona lile la 96 hukulilalamikia? Akanijibu, "Mpwa, gunia moja halina neno. Moja linapungua, lingine lumbesa. Ngoja tumalize." Tulipomaliza, akajumlisha kwenye daftari, akagawa, akaona wastani umepungua kama kilo moja na nusu hivi. Hapo ndipo alipokunja uso akaenda kumtafuta mwenye mzigo.

Nilisimama pale na vumbi la pumba mwilini nikaliona swali langu la mtihani. Gunia moja kupungua kilo moja na nusu ni jambo la kawaida. Wastani wa magunia 36 kupungua kiasi hicho si jambo la kawaida, kwa sababu yaliyozidi na yaliyopungua yamekwisha kufidiana. Ndiyo maana wastani una mkengeuko wake mdogo zaidi: 4 gawanya kwa kipeuo cha pili cha 36, yaani 4 kwa 6, takribani 0.67. Sasa −1.4 gawanya kwa 0.67 ni −2.1, na hiyo imeshavuka −1.96, mpaka wa kiwango cha asilimia 5. Dai linakataliwa. Fomula hiyo nilikuwa nimeisoma mara ishirini, na kugawanya najua tangu shule ya msingi. Nilichokosa ni kujiuliza, kabla ya kushika kalamu, kama naulizwa habari za gunia au habari za wastani wa magunia.

Tangu siku ile nasema hivi: swali la chuo linapona au linakufa kwenye mstari wa kwanza, pale unapoyageuza maneno kuwa alama. Baada ya hapo ni hesabu ya sekondari. Na kwenye desa mstari wa kwanza umeshaandikwa na mtu mwingine! Ukisoma majibu unafanyia mazoezi ile sehemu unayoiweza tayari, ile ngumu umetafuniwa.

Kwa hiyo nilipojiandaa na sapu nilibadilisha kila kitu. Nilichukua maswali kumi, nikafunika majibu, na kwa saa moja nikaandika mstari wa kwanza tu wa kila swali. Sikokotoi chochote. Naandika kila herufi inasimama badala ya nini na kwa kipimo gani, kinachotafutwa ni nini, na mlinganyo upi unaviunganisha. Kisha nafunua majibu na kulinganisha mstari huo peke yake. Siku ya kwanza nilipata miwili kati ya kumi. Iliniuma, lakini kwa mara ya kwanza nilijua ninaumwa wapi. Katika hayo kumi nilichagua matatu tu niyamalize hadi mwisho.

Tuchukue uchumi, kwa kuwa umesema kodi inakuchanganya. Mahitaji ni Q = 120 − 2P, ugavi ni Q = −30 + 3P. Bila kodi, bei ni 30 na kiasi ni 60. Serikali inaweka kodi ya 10 kwa kila kipande, inalipwa na muuzaji. Bei mpya ni ngapi? Wengi wanakimbilia kuandika 40, wanadhani muuzaji anamsukumia mnunuzi yote. Wengine wanaweka P + 10 kwenye ugavi kwa sababu kodi "inaongeza" bei. Wote wameruka mstari wa kwanza, ambao ni maneno tu, bila hesabu: P ni kile anachotoa mnunuzi mfukoni. Ukishaandika hivyo, kinachobaki mkononi mwa muuzaji ni P − 10, naye anaamua alete kiasi gani kwa kuangalia hicho kinachobaki. Ugavi unakuwa −30 + 3(P − 10), yaani 3P − 60. Linganisha na 120 − 2P: P ni 36, Q ni 48. Mnunuzi amebeba 6, muuzaji 4.

Usiondoke hapo. Badilisha namba moja uone. Kodi ikiwa 0, je, unarudi kwenye 30? Unarudi, basi mlinganyo wako umekaa sawa. Halafu jiulize kwa nini mnunuzi ndiye aliyebeba zaidi wakati sheria imemtaja muuzaji. Tazama ile 2 na ile 3: bei ikisogea, mnunuzi anajirekebisha kidogo kuliko muuzaji, na asiyeweza kukwepa ndiye anayelipa. Swali moja ukiligeuza hivi kwa nusu saa linakufaa kuliko madesa kumi uliyoyapitia kwa macho.

Mwenzako wa fizikia mwambie tatizo lake mara nyingi ni vipimo. Mpe hili: treni ya SGR iko kwenye kasi ya kilomita 160 kwa saa, inafunga breki na kupunguza kasi kwa mita 0.8 kwa sekunde kwa kila sekunde (hiyo 0.8 ni ya kwangu, ya mazoezi). Itasimama baada ya umbali gani? Akiingiza 160 moja kwa moja kwenye fomula (kasi mara kasi, gawanya kwa mara mbili ya 0.8) atapata 16,000, na bila kujiuliza atasema ni mita, kilomita 16 nzima za kufunga breki. Mstari wa kwanza ni kugeuza: 160 gawanya kwa 3.6 ni 44.4, mita kwa sekunde. Kipeo chake cha pili gawanya kwa 1.6, inakuja kama mita 1,235.

Kwenye programu mstari wa kwanza una sura nyingine: ni kujua jibu la mfano mdogo kabla hujaandika chochote. Wamewapa mjumlishe namba kutoka 1 hadi n kwa Python. Mwanafunzi anaandika kitanzi (amri inayojirudia) cha range(1, n), anajaribu kwa 100, anapata 4950, anafurahi kwa sababu imetoka namba kubwa. Ajaribu kwa n = 1. Jibu linatakiwa kuwa 1, programu inampa 0. Anajua hapo hapo kwamba range inaishia kabla ya namba ya mwisho, inatakiwa n + 1. Chora jedwali kwenye karatasi, safu moja kwa kila kigeu, ujaze kwa kalamu mzunguko kwa mzunguko kana kwamba wewe ndiye kompyuta. Mitihani mingi ya programu hufanywa kwa karatasi, na mtu aliyezoea kubonyeza na kungoja kosa litokee kwenye skrini atapata tabu.

Kuna ushahidi pia kwamba kusoma tena na tena kunatudanganya. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha majaribio waliyowafanyia wanafunzi wa chuo. Kundi moja lilisoma kifungu kwa vipindi vinne. Lingine lilisoma kipindi kimoja, kisha vipindi vitatu likaandika linachokumbuka bila kutazama. Baada ya dakika tano waliosoma tu walikuwa mbele. Baada ya wiki moja waliojipima walikumbuka asilimia 61, waliosoma tu asilimia 40. Zile dakika tano ndizo wewe na mimi tunazoziita "naelewa".

Simu nayo. Siku hizi unapiga picha swali, jibu linakuja na hatua zote. Sikukatazi, ila kaa na swali dakika ishirini kwanza, na ukifungua soma mstari wa kwanza tu, funga, uendelee mwenyewe. Kwenye disikasheni, anayeelewa aulize na asiyeelewa ndiye ashike chaki.

Nilikuwa na daftari dogo la makosa, hilo nakusihi sana ulianzishe leo. Siandiki jibu sahihi mle, naandika nilichofikiri na kwa nini nilikiona ni kweli. "Niligawanya kwa 4 kwa sababu niliona neno mkengeuko sanifu, sikuuliza wa nini." Usiku wa kuamkia sapu nilisoma daftari hilo peke yake, kurasa kumi na moja. Nilipata B. Bado ninalo.

Nikuachie moja la nyumbani. Mkulima wa Hombolo amevuna zabibu kilo 500. Leo bei ni shilingi 2,000 kwa kilo, na inapanda shilingi 100 kila siku. Lakini kila siku kilo 20 zinaharibika. Auze siku ya ngapi ili apate fedha nyingi zaidi? Usinipe jibu, niandikie hapa chini mstari wa kwanza tu, na useme t yako ni nini. Ukishamaliza, pima mapato ya siku ya 2 na ya siku ya 3, uniambie umeona nini.